Mfuko wa Siri kwa Wenye Miili: Stara ya Mali Nayo ni Stara



Leo tuna jambo ambalo wanawake huwa tunalisema kwa kunong'ona, tena ndani ya chumba cha kupimia nguo. Mwanamke mwenye mwili wake, akitoka nyumbani, aweke wapi pesa zake, simu yake na kitambulisho chake? Mkoba unaporwa. Sidiria inamchubua. Mkanda wa pochi unampanda hadi chini ya matiti au unajikunja na kuzama chini ya tumbo. Baibui halina mfuko, na dera likiwa nao, basi ni kijimfuko cha ubavuni ambacho ukitia simu nguo nzima inaelemea upande mmoja. Mwisho wake anaikamata pesa mkononi, na kila aliyepo barabarani anajua bibi huyu ana nini.

Rai yetu sisi mafundi wa nguo za kike ni hii: mfuko wa siri ni sehemu ya nguo ya mwanamke kama ulivyo mkono na shingo yake. Na ushonwe kwa mwili alionao leo, si kwa mwili anaoambiwa akautafute.

Bibi zetu walilijua hili. Tazama methali waliyotuachia: hamadi ni iliyo kibindoni, na silaha ni iliyo mkononi. Hamadi ndiyo akiba. Kibindo ni lile pindo la nguo kiunoni ambamo mtu alitia chake, akalikunja, akalikaza na kwenda zake. Wengine wakafunga fundo kwenye ncha ya kanga. Uzuri wa kibindo ulikuwa mmoja mkubwa: hakikumuuliza mtu kiuno chake inchi ngapi. Aliyekonda alizungusha kanga mara mbili, aliyenenepa alizungusha mara moja na kidogo, na wote wawili walipata pa kuweka chao.

Tulipohamia kwenye nguo za kushonwa na za dukani tukapata mitindo, tukakipoteza kibindo. Aliyekiona kimepotea zaidi ni mwenye mwili. Mwembamba hununua mkanda wa pochi uliotengenezwa kiwandani, akauvaa ndani ya baibui na mambo yakaisha. Mnene akienda kuutafuta, anaambiwa saizi hiyo hakuna. Akienda kwa fundi kuomba mfuko, anajibiwa, "Mfuko utakuongeza unene, dada, kwanza punguza mwili." Jamani, mwizi wa sokoni haulizi mtu kama amemaliza kupunguza mwili. Leo anaibiwa na leo anahitaji pa kuweka.

Kwa nini vya kawaida havimfai

Tuanze na mkanda wa kiunoni. Mkanda mwembamba unahitaji mahali palipobonyea ili ukae, na kwa wengi wetu kiuno ndipo palipojaa zaidi. Ukisimama unakaa vizuri. Ukiketi, tumbo linashuka na kutanuka, nao mkanda lazima uende mahali: ama unapanda juu, ama unajiviringisha na kukata nyama. Sisi tukipima mteja aliyesimama kisha tukampima ameketi, mara nyingi tunaona tumbo na nyonga zimeongezeka inchi 2 hadi 4, na wengine zaidi. Mkanda uliokazwa amesimama unakuwa kitanzi anapoketi kwenye daladala. Anaulegeza, na akisimama unateremka.

Sidiria ndiyo benki ya wengi wetu, lakini ni benki mbaya. Chini ya matiti makubwa pana joto na jasho siku nzima, hasa miezi ya kaskazi. Ukiongeza pale simu inayotoa joto lake na noti zilizolowa, unaalika upele na fangasi. Halafu kuna suala la stara. Kila ukitaka kulipa, lazima ugeuke ukutani, ufungue kifungo, uingize mkono kifuani mbele za watu. Tumefunika mwili mzima kwa baibui, kisha kwa shilingi elfu mbili za nauli tunajifunua. Na anayekuvizia ameshaona pesa inatoka wapi.

Mkoba nao, ukiutundika begani pembeni ya barabara, mwenye pikipiki anaupitia kwa mkono mmoja. Ukiwa umeuvaa mshazari kifuani anaweza kukuvuta nao ukaanguka, na mwanamke mzito akianguka si jambo dogo. Magoti na nyonga vinaumia.

Wapo watakaosema siku hizi pesa ziko kwenye simu, kwa hiyo mfuko wa nini? Tunajibu: basi simu ndiyo imekuwa pochi, na pochi hiyo ina urefu wa inchi 6 na nusu hivi na upana wa inchi 3. Haikunjiki kama noti wala haifungiki kwenye ncha ya kanga. Isitoshe, wafanyabiashara wenzetu wanaovuka na boti kwenda Kariakoo kununua mzigo wanajua kwamba biashara nyingi bado zinataka pesa taslimu. Noti yetu kubwa kabisa ni ya shilingi 10,000. Mtaji wa milioni 3 ni noti 300. Hizo hazikai kifuani kwa mtu yeyote, mnene wala mwembamba.

Tunavyoshona sisi

Kanuni yetu ya kwanza: kwa mwenye mwili, uzito utundikwe begani, usikazwe kiunoni. Bega halipanuki mtu akiketi. Ndiyo maana nguo tunayoipenda kuliko zote ni shumizi ya mifuko. Ni shumizi ya pamba isiyo na mikono, inavaliwa juu ya sidiria na chini ya dera au baibui. Mikanda yake ya begani iwe mipana, inchi 2, ili isikate. Mifuko inakaa ubavuni, chini ya kwapa na juu ya nyonga, mmoja kila upande. Mahali pale mkono wenyewe unapafunika, na mwili wa mtu mnene una bonde la asili kati ya ubavu na nyonga ambamo kitu bapa hulala bila kujionyesha. Watu wanadhani mnene hana pa kufichia. Ukweli ni kwamba anapo kuliko mwembamba, ila fundi apatafute kwa mkono na futi badala ya kukisia kwa macho.

Mfuko wa simu tunaukata inchi 5 kwa 8, ili simu iingie na kutoka bila kubanwa. Wa pesa unakuwa mpana zaidi na mfupi, ili noti zilale zimetandazwa safu mbili au tatu badala ya kurundikwa bunda moja linalotuna. Mdomo wa mfuko tunautia zipu ya inchi 7. Upande wa mwilini tunaweka pamba inayonyonya jasho, na ndani yake, upande wa pesa, tunatia bitana ya kitambaa cha mwavuli. Mwavuli uliovunjika mbavu usiutupe, mletee fundi wako. Noti na karatasi za hospitali hazitalowa tena.

Ya pili ni kaptura ndefu ya pamba, inayofika karibu na goti, ya kuvaa ndani ya gaguro. Hii inafanya kazi mbili. Inazuia mapaja kusuguana na kuchubuka, jambo linalowatesa wengi na hawalisemi, na inabeba mfuko upande wa nje wa paja. Hapo panafaa vitu vyepesi na bapa: kitambulisho, kadi ya benki, pasi ya kusafiria. Simu usiiweke hapo, itagonga ukitembea na utaikalia ukiketi.

Ya tatu ni kwa wale ambao wamezoea kiuno na hawataki kukiacha. Tunawashonea mkanda wa kitambaa wenye upana wa inchi 4, ukiwa na lastiki pana kwa nyuma tu, unaokaa chini ya tumbo juu ya nyonga, na kipande chembamba kinachopita begani mshazari kuuzuia usiteremke. Mkanda mpana hausokoti kama mwembamba, na lastiki ya nyuma inafuata mwili ukiketi na ukisimama.

Kisha kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalisahau: mlango. Mfuko mzuri usiofikika utamrudisha mtu kwenye kujifunua. Kwenye mshono wa ubavuni wa baibui au dera tunaacha upenyo wa inchi 7, tunaukunjia kipande cha kitambaa juu yake kama kifuniko, na tunaushika kwa kifungo kimoja cha kubana. Mkono unaingia, unafika kwenye mfuko wa shumizi, unatoka. Anayekutazama anaona mwanamke aliyeweka mkono ubavuni, basi. Kola haifunguki na nguo haipandishwi.

Kipimo chetu ni sala

Tukimaliza kushona hatumwambii mteja ajitazame kwenye kioo tu. Tunamwomba aende rukuu, asujudu, akae tahiyatu, ainuke. Hapo ndipo mfuko unasema kweli. Uliowekwa mbele chini ya tumbo utabanwa kati ya tumbo na mapaja akisujudu. Ulio juu sana kifuani utamtoka akirukuu. Uliowekwa nyuma utamchoma akikaa. Mfuko unaopita rakaa mbili bila mwenyewe kuukumbuka ndio uliokaa mahali pake. Anayeswali huku mkono unakwenda kushika pochi iliyoteleza, moyo wake uko wapi?

Hili lina uzito zaidi kwa wanaokwenda Hija na Umra. Wanaume kwenye ihramu hawavai nguo iliyoshonwa kwa umbo la mwili. Mwanamke anavaa nguo zake za kawaida za stara zilizoshonwa, ila hafungi nikabu wala havai glovu. Kwa hiyo shumizi ya mifuko na kaptura ya pamba vinamfaa kabisa. Afikirie anakokwenda: mizunguko saba ya tawafu katikati ya umati, kisha safari saba kati ya Safa na Marwa, ambazo peke yake ni karibu kilomita 3. Mama mwenye mwili anayefika huko na mkanda mwembamba unaomkata na mapaja yasiyo na kinga anakuwa ameshachubuka kabla hajamaliza. Tungependa kila familia inayompeleka mama Hija imshonee seti mbili za namna hii, moja ikifuliwa nyingine avae, kabla ya kununua sanduku jipya la magurudumu.

Wenye maradhi nao tusiwasahau. Pampu ya pumu na pipi ya mgonjwa wa sukari viwe kwenye mfuko wa karibu zaidi na mkono. Lakini insulini isiwekwe mfuko wa mwilini, joto la mwili linaiharibu. Hiyo ibaki kwenye kipochi chake cha kuhifadhia baridi.

Kwa mabibi harusi wetu

Tunashona nguo nyingi za harusi na tunaona mambo. Bibi harusi mwenye mwili hupokea maneno kuliko zawadi. Miezi mitatu kabla ya siku yake anaambiwa asile, ajinyime, aingie kwenye gauni. Watu wote wanajadili gauni limfiche tumbo, hakuna anayeuliza gauni limwekee wapi chake. Siku yenyewe anatunzwa pesa, zinapita mikono ya mashangazi watatu, na usiku haijulikani zilikuwa ngapi. Gauni la harusi lenye marinda lina nafasi ya kutosha ya mfuko ndani ya mshono wa ubavuni, na mnene ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi. Ombeni. Fundi akisema haiwezekani, mtafuteni mwingine.

Lakini mfuko wa bibi harusi tunaoupigania zaidi ni ule wa baada ya harusi. Mahari ni haki ya mwanamke, Qur'ani imelisema hilo wazi katika Suratun-Nisaa. Dhahabu yake ni yake. Tunasisitiza bibi harusi atoke kwao na shumizi moja ya mifuko kwenye sanduku lake, pamoja na kanga, udi na singo. Ndani yake awe na nauli ya kurudi kwao, nakala ya kitambulisho chake, na namba ya simu ya nyumbani imeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima.

Tunajua watakaokunja uso. Watasema tunamfundisha mwari kumshuku mume. Hapana. Mume mwema hapungukiwi kitu mke wake akiwa na nauli yake, na wapo waume waliokuja wenyewe kuagiza. Nauli ile inaweza kumfaa boti likichelewa, mtoto akiugua njiani, au gari likiharibika usiku. Na ikiwa, Allah apishe mbali, yamemfika makubwa zaidi, basi asikwame kwa kukosa shilingi elfu chache. Kumficha mwizi mfuko si kumficha mume, na hakuna haja ya mume kutojua. Masomo wetu wanaowafunda wari, tunawaomba muliweke hili kwenye mafunzo yenu. Mnamfundisha kujitia manukato, mfundisheni pia kushika akiba yake.

Namna ya kuutumia

Mfuko pekee hautoshi kama mwenyewe hana adabu nao. Pesa za matumizi ya siku, za nauli na mboga, ziwe mfuko wa nje au pochi ndogo, ili mfuko wa siri usifunguliwe njiani. Ukiufungua sokoni Darajani mbele ya meza ya samaki, si wa siri tena. Mtaji ugawe ubavu wa kulia na wa kushoto. Uzito unalingana, na likitokea la kutokea hupotezi vyote. Na usiuguse guse. Wezi huangalia mkono wa mtu unakwenda wapi kila baada ya hatua kumi. Ndiyo maana tunataka mfuko usioteleza wala kuchoma, ili mwenye nao ausahau.

Shumizi ifuliwe kila siku kama nguo nyingine ya ndani. Kwa hiyo ziwe mbili, na kabla ya kufua papasa mifuko yote. Tumeshaanika noti juani hapa kibandani kuliko tunavyotaka kukumbuka.

Neno kwa mafundi wenzetu

Wenzetu wa cherehani, acheni kumwambia mteja mwili wake ndio tatizo. Mwili ndio uliotuletea kazi. Mpimeni amesimama, mpimeni ameketi, muulizeni anabeba nini na mkono gani anautumia. Mfuko mmoja ni kipande cha pamba, kipande cha mwavuli, zipu na nusu saa ya cherehani. Mteja mnene aliyeshonewa kwa heshima hatafuti fundi mwingine, na atawaleta shoga zake wote. Hata kwa hesabu ya biashara tu, inalipa.

Na nyinyi wateja, ingieni kwa fundi na kichwa juu. Msianze kwa kuomba radhi, "mimi mnene, sijui kama itawezekana." Semeni mnachotaka: mifuko miwili, ubavuni, upenyo kwenye mshono, bitana ya mwavuli. Fundi anayejua kazi atatoa futi yake.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha yule bwana mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Hakumuuliza ngamia wake mnene au mwembamba. Ngamia wetu ni mtaji, simu, pasi na mahari zetu. Tuzifungeni vizuri, juu ya miili hii hii aliyotuumba nayo Mola wetu, kisha tutoke na bismillahi.

Wabillahi tawfiq.